Mwanafunzi wa Nyanda za Juu na Mbio za Dar es Salaam

Mbio za barabarani zimeenea sana nchini Tanzania katika miaka ya karibuni, na miongoni mwa wanaosafiri kwenda Dar es Salaam kushindana katika nusu marathoni wamo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita kutoka nyanda za juu. Huondoka kwao na matumaini makubwa, kwani wamezoea kupanda na kushuka vilima tangu utotoni. Huondoka pia na neno moja la walimu wao wa michezo ambalo limekwisha kuwa kama methali: kwamba aliyezoea hewa haba ya milimani, akishuka pwani atakimbia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Neno hilo ni nusu ya kweli. Nusu iliyosahauliwa ndiyo yenye hatari, na ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 78 tu ya ile ya pwani. Oksijeni inayoingia mapafuni kwa kila pumzi hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Mwili wa mkaaji wa huko hujirekebisha kwa kuongeza chembechembe nyekundu za damu, na mtu huyo akishuka Dar es Salaam hupata oksijeni tele pamoja na damu iliyo hodari wa kuibeba. Hapo mwalimu wa michezo hakukosea.

Lakini mkimbiaji hahitaji oksijeni peke yake. Yeye ni mashine inayotoa joto, na joto hilo sharti liende mahali. Nawaomba wanafunzi wachukue karatasi na kalamu, kwa maana hesabu yenyewe haizidi elimu ya kidato cha tatu. Kila kilogramu ya mwili inayosafirishwa kilometa moja kwa mbio hutumia nishati ya kilojuli 4 na nukta mbili hivi. Kijana wa kilogramu 60 akikimbia kilometa 21 na kidogo atatumia takriban kilojuli 5,300. Kati ya hizo, robo tu, au pungufu ya robo, ndiyo inayofanya kazi ya kumsogeza mbele. Zilizobaki, kilojuli 4,000 hivi, hugeuka kuwa joto ndani ya mwili wake. Akimaliza mbio kwa saa moja na dakika 20, atakuwa ametoa joto la wati zaidi ya 800 muda wote huo, kiasi kinachokaribia joto la pasi ya umeme.

Sasa tujiulize: je, joto hilo lisipotoka? Kilogramu moja ya mwili wa binadamu huhitaji kilojuli 3 na nusu hivi ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja ya sentigredi. Kijana wetu wa kilogramu 60 huhitaji 210. Gawa 4,000 kwa 210 upate 19. Maana yake ni kwamba kama ngozi yake ingezibwa kabisa, angeanza mbio akiwa na nyuzi 37 na kufika mwisho akiwa na nyuzi 56, jambo lisilowezekana, kwa kuwa angekwisha kufa njiani. Nyuzi 40 zenyewe angezifikia baada ya dakika 12 au 13 tu. Mkimbiaji anayemaliza salama, basi, amemaliza kwa sababu joto lake lilitoka karibu kwa kasi ile ile lililozalishwa.

Hutokaje? Njombe, asubuhi ya Julai, hewa huwa baridi kiasi cha kumtetemesha mtazamaji, na sehemu kubwa ya joto la mkimbiaji huchukuliwa na hewa yenyewe inayompitia. Sehemu iliyobaki huchukuliwa na jasho, na hapa ndipo lile somo la joto fiche la uvukizi, ambalo wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau, linapokuwa suala la uhai. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,430 hivi. Lita moja na theluthi mbili zingetosha kuondoa joto lote la mbio zetu. Lakini neno la kutilia mkazo ni hilo la kugeuka mvuke. Jasho linalodondoka barabarani halipozi kitu; ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Mwanafunzi mwerevu wa Njombe atapinga: "Mwalimu, kwetu kuna ukungu, na wakati wa ukungu unyevu wa hewa ni asilimia 100. Mbona hatutaabiki?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo zima. Asilimia hupotosha isipotajwa pamoja na halijoto. Hewa ya nyuzi 10, hata ikishiba kabisa, hubeba gramu 9 tu za mvuke katika kila meta ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30 huweza kubeba gramu 30, na ikiwa imeshiba kwa robo tatu, kama ilivyo kawaida katika mwambao wakati wa kaskazi, tayari ina gramu 23. Ngozi iliyolowa jasho, yenye nyuzi 35, hujizungushia tabaka la hewa lenye gramu 40 hivi. Mvuke hutoka palipo na wingi kuelekea palipo na uchache. Kutoka 40 kwenda 9 ni mteremko mkali kama wa Kitonga. Kutoka 40 kwenda 23 mteremko umepungua karibu nusu. Na kwa kuwa hewa ya nyuzi 30 inakaribia joto la ngozi yenyewe, ile njia ya kwanza ya kupozwa na hewa ya baridi nayo imekaribia kufungwa. Mgeni wa nyanda za juu anatoa jasho jingi kuliko alivyowahi kutoa kwao, na linampoza kidogo kuliko alivyotazamia.

Lipo pia jambo la moyo. Moyo una damu ile ile ya kugawa, lakini sasa wadai wawili wameusimamia: misuli inataka oksijeni, ngozi inataka damu ya kupozea. Jasho likizidi, maji ya damu hupungua na mgao huwa mgumu zaidi. Moyo hudunda haraka kwa mwendo ule ule ambao jana ulikuwa rahisi. Tuongeze kwamba mwanafunzi huyu ameketi katika basi kwa kilometa zipatazo 700, akijizuia kunywa maji kwa kuogopa kwamba gari halitasimama, na aghalabu amewasili usiku wa kuamkia mashindano.

Wala haya si maneno ya darasani tu. Katika Mashindano ya Dunia ya mwaka 2019 huko Doha, marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane ili kulikwepa jua. Jua lilikwepwa, unyevu haukukwepeka: kati ya wanawake 68 walioanza, ambao wote walikuwa wateule wa mataifa yao, 40 tu ndio waliomaliza. Mwaka 2007 marathoni ya Chicago ilisimamishwa katikati kwa sababu ya joto. Na ndugu yetu Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania medali ya dhahabu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ilhali rekodi ya dunia ya wakati huo, iliyowekwa Chicago mwaka 2023 na marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, ilikuwa saa 2 na sekunde 35. Najua kwamba mbio za medali huendeshwa kwa hila na subira, hivyo tofauti ya dakika 9 haitokani na joto tu. Hata hivyo, bingwa wa dunia hakuona haya kukimbia polepole siku ya joto. Kwa nini kijana wa kidato cha sita aone haya?

Habari njema ni kwamba mwili hufundishika. Mtu akifanya kazi au mazoezi kwenye joto kila siku, muda wa saa moja hivi, katika siku chache za kwanza maji ya damu yake huongezeka na mapigo ya moyo hushuka. Baadaye jasho huanza kutoka mapema zaidi, huwa jingi, na chumvi yake hupungua. Mafunzo hayo hukamilika kwa siku 10 hadi 14. Ningependa kusema kwamba kila shule iwapeleke wanariadha wake pwani wiki mbili kabla ya mashindano, lakini mimi si mgeni katika nchi hii, na bajeti za michezo za shule zetu nazifahamu. Liko jambo lisilohitaji nauli. Katika wiki mbili za mwisho mazoezi yafanywe saa sita mchana badala ya alfajiri, mkimbiaji akiwa amevaa fulana ya pili au sweta, kwa mwendo mwepesi, mwalimu akiwa karibu na maji yakiwapo. Hayatakuwa sawa na Dar es Salaam, ila ni bora mara nyingi kuliko kutofanya lolote. Na yule asiyepata hata hayo asahau saa yake ya nyumbani. Aanze taratibu kwa makusudi, na ahesabu kumaliza akiwa mzima kuwa ndiyo shabaha.

Kuhusu maji, watu wengi sasa wameambiwa wanywe, na baadhi wamesikia vizuri kupita kiasi. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 kati yao chumvi ya damu imepungua kuliko inavyotakiwa, hasa kwa sababu ya kunywa mno. Hali hiyo nayo huweza kuua. Kiu ni kipimo kizuri kwa mbio za urefu huu.

Nafika sasa kwenye jambo linaloniudhi, nalo ni jinsi tunavyolisifu neno kujikaza bila kupambanua. John Stephen Akhwari aliyeanguka na kuumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kisha akachechemea hadi mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, alistahili heshima yote aliyopewa. Lakini Akhwari alikuwa na akili zake timamu, aliamua. Mkimbiaji ambaye joto la mwili wake limepita nyuzi 40, anayeyumba, anayejibu maswali ovyo au kukimbilia upande usio wake, huyo haamui tena jambo lolote. Ubongo wake unapikwa. Hapo kupiga makofi na kumwambia ajikaze ni kumsaidia kufa. Ugonjwa huo ni kiharusi cha joto, na dawa yake ni kupozwa pale pale alipoangukia, kabla ya kupakiwa garini. Huko Falmouth, Marekani, ambako hufanyika mbio za kilometa 11 katika joto la Agosti, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto walitibiwa katika kipindi cha miaka 18 kwa kuzamishwa haraka ndani ya maji ya barafu, na hakuna hata mmoja aliyefariki. Kifaa chenyewe kilikuwa beseni kubwa. Dar es Salaam haijapata kukosa beseni wala pipa, na barafu inayohifadhi samaki wa Feri haishindwi kuhifadhi mtoto wa watu.

Wenye mashindano nao wana lao la kufanya. Kwanza wachague majira: alfajiri ya Julai, kusi inapovuma, halijoto ya Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19, ilhali alfajiri ya Februari haishuki sana chini ya 25 na hewa huwa karibu kushiba. Pili, wapime. Kipimajoto kilichofungwa kitambaa kilicholowa maji, ambacho shule yoyote yaweza kukitengeneza, huonyesha kiasi ambacho uvukizi waweza kupoza siku hiyo. Kipimo kamili cha wakimbiaji huchanganya sehemu saba katika kumi za kipimajoto hicho, sehemu mbili za kile kilichomo ndani ya tufe jeusi lililoanikwa juani, na sehemu moja ya kile cha kawaida kivulini. Madaktari wa michezo wa Marekani walishauri mwaka 1987 kwamba jumla ikipita nyuzi 28 mbio ziahirishwe. Atakayesema kwamba huo ni uoga wa wazungu namkumbusha kwamba huko Ulaya ya Kaskazini, nilikosomea shahada ya uzamifu, mashindano ya kuteleza juu ya theluji huahirishwa baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sifuri, na sikumsikia mtu akiwaita watu wale waoga wa baridi.

Tatu ni saa ya kuanza. Jua la Dar es Salaam huchomoza baina ya saa 12 na saa 12 na dakika 40 mwaka mzima, kwa hiyo mbio zikianza saa 11 alfajiri, karibu wote watakuwa wamemaliza kabla halijawa kali. Nimeshuhudia mbio zilizotangazwa kuanza saa 12 zikianza karibu saa 2, vijana wakiwa wamesimama juani kwenye msitari kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado njiani. Mgeni rasmi anaweza kugawa medali saa 3 bila madhara yoyote kwa mtu. Filimbi ya kuanzia inaweza kupigwa na mwamuzi.