Kiinua Mgongo na Joto la Pangani
Mtumishi wa umma aliyezoea baridi ya Arusha, mji ulio chini ya Mlima Meru kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, anapokaribia miaka 60, umri ambao wengi hustaafu kwa lazima, akawaza kuhamia na kiinua mgongo chake Pangani, mji wa pwani, hana budi kupima kwanza suala la malaria, kwa kuwa kinga ya mwili, ambayo hujengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara, hupungua kwa aliyekaa nyanda za juu miaka mingi. Hewa ya chumvi nayo hula mabati na misumari, gharama ambayo wachache huikumbuka. Ingefaa apange nyumba kaskazi moja, yaani Desemba hadi Machi, joto linapokuwa kali, kabla hajauza migomba yake ya Tengeru, karibu na Arusha.