Tulipe Deni Kabla ya Kuteleka Chungu

Kila nyati anapotoka katika misitu ya Hombe na Ragati, akavunja ua wa mkulima na kuyavuruga mahindi na viazi vyake, swali lile lile hurejea katika vikao vya wazee na katika soko la Karatina: kwa nini mnyama huyu asiuawe, akachunwa, akaliwa? Swali hili si la ulafi. Ni swali la haki, na ndiyo maana halifai kujibiwa kwa kicheko wala kwa vitisho.

Ikumbukwe kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Mei mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na bidhaa nyinginezo za wanyamapori ikafungwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba. Inamkataza anayewinda kwa mchezo, anayewinda kwa biashara, na hata yule anayewinda ili watoto wake wapate kitoweo. Nchi jirani ya Tanzania ilifuata njia nyingine. Iliusimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaurejesha mwaka 1978, na mwaka 2020 ikatunga kanuni za kuruhusu bucha maalumu za kuuza nyamapori. Basi mkazi wa Mathira huuliza: kinachoruhusiwa Dodoma kina dhambi gani Karatina?

Lugha zetu zenyewe zinalifahamu tatizo hili. Katika lugha nyingi za Kibantu, jina la mnyama na jina la kitoweo hutokana na shina moja. Waswahili husema mnyama na nyama. Wagĩkũyũ husema nyamũ na nyama. Ni kana kwamba wahenga walipomtazama kiumbe huyo walimwona yu hai na yumo chunguni kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba kila mwenye shina hilo alikula kila alichokiona. Wagĩkũyũ, kwa kawaida, hawakuwala wanyama wa porini. Kazi ya kuwinda kwa ajili ya chakula ilihusishwa na Aathi, watu wa msituni, ilhali mkulima alijivunia mbuzi na kondoo wake. Nyati alihitajiwa zaidi kwa ngozi yake ngumu, iliyofaa kutengenezea ngao.

Mwiko huo ulivunjwa na vita. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952, wapiganaji waliokuwa chini ya Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, katika misitu ya Mlima Kenya, na wale wa Dedan Kimathi katika Nyandarua, walilazimika kula nyama ambayo wazazi wao hawakuithubutu. Njaa haina miko. Lakini nyama ile ilikuwa chakula cha dhiki, na anayedai leo kwamba kula nyati ni desturi ya kale ya watu wa Nyeri anaisomea historia ukurasa mmoja tu.

Kuna ukurasa mwingine unaouma zaidi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja na mwanawe Kermit, wakawinda hadi katika miteremko ya Mlima Kenya. Wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari yao ya Afrika, na dunia ikawaita wawindaji hodari. Mwafrika aliyetega mtego kandokando ya shamba lake aliitwa jangili. Kitendo kilikuwa kimoja, majina yakawa mawili, na tofauti ilikuwa leseni pamoja na rangi ya aliyeishika. Hadi leo neno jangili humbeba mfanyabiashara wa pembe za ndovu mwenye bunduki na magari, na humbeba pia kijana mwenye waya mmoja na sufuria moja. Neno linalowafumbata watu wawili wasiofanana namna hiyo haliwezi kutusaidia kufikiri sawasawa, wala kuhukumu sawasawa.

Je, basi, marufuku iondolewe? Wanaounga mkono hoja hiyo wana takwimu nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977, mwaka ule ule wa marufuku. Wao husema kwamba mwananchi asiyefaidika na mnyama hana sababu ya kumtunza. Hoja hii ilipata nguvu mwaka 2018, pale Waziri Najib Balala alipounda jopo la kuchunguza iwapo wanyamapori wanaweza kutumiwa kwa kuvunwa. Lakini kufuatana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba la kwanza lilizaa la pili. Katika miaka hiyo hiyo watu waliongezeka, mifugo ya mbuzi na kondoo ikaongezeka, ardhi ikakatwa vipande, na ukame ukazidi.

Isitoshe, tujiulize nani atakayeshika bunduki. Leseni ya kuvuna nyati haitamfikia mwenye ekari mbili kando ya msitu wa Hombe. Itamfikia mwenye shamba kubwa la wanyama huko Laikipia, mwenye ua, magari na wateja wa ng'ambo. Mkulima wa Mathira atabaki na nyati yule yule usiku na mahindi yale yale yaliyolala chini asubuhi.

Kuna pia suala la afya, ambalo wapenzi wa kitoweo hulipuuza. Nyama ya nyati ni nyekundu iliyokoza, ina mafuta machache na nyuzi ngumu. Haifai kuchomwa haraka kama mbavu za mbuzi. Hutaka kuchemshwa kwa moto wa pole kwa saa nyingi ndipo ilegee. Wapo wanaoamini kwamba uchemshaji huo mrefu humaliza kila maradhi. Sivyo. Mwezi wa Julai mwaka 2019 nyati kadhaa wa mbuga ya Ziwa Nakuru waliangamizwa na kimeta. Vijidudu vya kimeta hujifunika gamba linalostahimili joto kuliko vijidudu vya kawaida, na anayemchuna mnyama huambukizwa kabla sufuria haijafika jikoni. Nyati hubeba pia ndigana na ugonjwa wa miguu na midomo, ambayo huwadhuru ng'ombe wetu. Tena sotoka, iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, mara ya mwisho kuthibitishwa duniani ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru, upande wa pili wa mlima wetu huu huu.

Nyama ya ng'ombe katika bucha ya Karatina hupigwa mhuri na mkaguzi. Nyama inayoingia mjini usiku ndani ya gunia haina mhuri, wala haijitambulishi jina. Uchunguzi wa shirika la Born Free katika bucha za Nairobi mwaka 2004 ulibaini kwamba takriban sampuli mbili katika kila tano zilikuwa nyamapori, ama tupu ama iliyochanganywa na ya ng'ombe. Wanunuzi walidhani wamekula ng'ombe. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na biashara hii huenda kimya. Tukifungua mlango wa halali kabla ya kuwa na wakaguzi wa kutosha, haramu nayo itapita mlango ule ule.

Kwa hivyo sioni sababu ya kuiondoa marufuku. Lakini anayeitetea marufuku na kuishia hapo anatetea nusu ya haki. Serikali inapomwambia mkulima, "Usimguse nyati," imejitwika mzigo wa nyati huyo. Sheria ya mwaka 2013 iliukiri mzigo huo: iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za aliyeuawa na mnyama, shilingi milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na malipo kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa. Katika karatasi, hakuna sheria yenye ukarimu zaidi. Katika maisha, madai yamelimbikizana miaka nenda miaka rudi, na mjane hupanda na kushuka ngazi za ofisi akiwa na bahasha yake kwapani. Mnyama ni wa serikali anapopigwa picha na watalii. Anapoua mtu, huwa hana mwenyewe.

Yafaa nini kifanywe? Kwanza, madai ya fidia yaliyokwisha kuidhinishwa na kamati za kaunti yalipwe, na majina ya wadai na tarehe za malipo zitangazwe hadharani. Pili, ua wa umeme ukamilishwe na kutunzwa. Ule wa Nyandarua, wenye urefu wa karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Ule wa Mlima Kenya ulianza kujengwa mwaka 2012, na ua wenye pengo moja ni ua wa kumfundisha nyati mahali pa kupitia. Tatu, mahakama na vyombo vya habari vitofautishe mwenye njaa na mwenye soko, kwa adhabu na kwa jina.

Dawa ya deni ni kulipa. Mkulima aliyelipwa mahindi yake ataweza kumtazama nyati na kumwona mnyama. Asiyelipwa ataendelea kumwona kama nyama, na hapana sheria, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu, itakayoyageuza macho yake.