Kabla ya Kununua Motokaa ya Kwanza, Uliza Malisho Yake

Wakulima wa Njoro, Molo, Bahati na Subukia huja ofisini kwetu kuandikishwa kwa ajili ya mbolea, lakini wengi wakishamaliza habari ya mbolea huvuta kiti karibu na kuniuliza jambo lingine. "Mwalimu, nikiwa na laki nane nitapata gari gani?" Huniita mwalimu kwa sababu nilisomea kazi hiyo, ingawa sasa mimi ni karani wa kilimo, wala si fundi wa magari. Lakini nimewahi kununua motokaa kwa ujinga, na nimewaona wengine wakinunua kwa ujinga ulio mkubwa zaidi, basi nadhani nina haki ya kusema machache.

Swali lenyewe ndilo lenye kosa. Mkulima aendaye mnadani kununua ng'ombe wa maziwa haanzi na bei. Humfungua kinywa atazame meno, humshika kiwele, huuliza amezaa mara ngapi na hula nini kwa siku. Rangi ya meno haimshughulishi, hasa sisi wa Nakuru ambao maji ya hapa yametutia meno rangi ya kahawia tangu utotoni; atazama kama yamelika. Kisha mtu huyo huyo, mjuzi wa ng'ombe kuliko mimi, huenda mjini akaona motokaa yenye rangi ya kung'aa na viti vya ngozi, akatoa fedha zake siku ile ile bila kupiga magoti kutazama chini yake. Mimi nasema motokaa ni mnyama. Bei ya kuinunua hulipwa mara moja, lakini malisho yake ni ya kila siku, na hayo ndiyo humshinda mtu.

Basi tuanze na mahali zitokapo. Nyingi hutoka Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia, kwa hiyo magari yao yatufaa bila kubadilishwa. Tena, kule gari jipya la abiria hukaguliwa kwa amri ya serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo hugharimu fedha nyingi. Wenye magari wengi huona heri wauze gari likiwa bado zima kuliko kulipa tena. Ndiyo sababu gari la miaka saba kutoka Japani laweza kuwa zima kuliko la miaka mitatu lililokuwa likipanda Mau Narok kila siku na viazi.

Lakini huwezi kuleta la umri wowote. Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS, lina kanuni iitwayo KS 1515, isemayo kwamba gari lisizidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na likaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa melini. Yaliyoingia mwaka 2025 yalipaswa kuwa yamesajiliwa mwaka 2018 au baadaye, na kila Januari mwaka huo husogea mbele mmoja. Hapa pana mtego kwa mkulima wa mahindi. Fedha zake huzipata Novemba au Desemba. Akiagiza wakati huo gari la mwaka ulio ukingoni, kwa kuwa ndilo rahisi, kisha meli ikachelewa ikafika Mombasa baada ya mwaka mpya, gari litakataliwa na gharama zote ni juu yake. Nami sijasema habari ya karo ya Januari, ambayo haingoji meli.

Sasa kodi. Wauzaji wengi hutaja bei ya gari likiwa Japani, au bei ya kulifikisha Mombasa tu, na mnunuzi hudhani amekwisha. Hajaanza. Mamlaka ya Mapato, KRA, hawaangalii risiti yako ya Japani. Wana orodha yao wenyewe ya bei za magari yakiwa mapya, nao hupunguza kwa kadiri ya umri wa gari, wakapata thamani ya kutoza kodi. Tuseme thamani hiyo ni Shs. 500,000/-. Kwa viwango vya mwaka 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani Shs. 175,000/-. Juu ya jumla ya hizo mbili huja ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1,500, yaani Shs. 135,000/-. Juu ya jumla hiyo tena huja VAT ya asilimia 16, ndiyo Shs. 129,600/-. Kisha ada mbili ndogo, ya tangazo la uingizaji asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, pamoja Shs. 22,500/-. Ukijumlisha utaona Shs. 462,100/-, karibu bei ya gari la pili. Na kama injini yazidi 1,500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 25, na jumla yapanda hata Shs. 501,250/- kwa thamani ile ile. Bado wakala wa forodha, bandari, dereva wa kulileta, namba na bima. Mwenye laki nane mfukoni na aone mwenyewe kwamba gari la kushuka melini si lake mwaka huu. La kwake ni lile lililokwisha kutumika hapa nchini. Hiyo si aibu. Nitarudi huko.

Kwanza niseme juu ya aina ya gari, maana hapa ndipo nagombana na watu. Wazee wetu walipanda Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na baadaye ile 504 ndefu ikawa ndiyo gari la abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Watu husema zilikuwa za chuma kizuri. Huenda. Lakini mimi naona zilidumu hasa kwa sababu kila mji ulikuwa na fundi aliyeijua Peugeot akiwa amefumba macho, na spea zake zilikuwa dukani. Leo mahali hapo pameshikwa na Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, na magari mengine madogo ya Toyota. Najua vijana huicheka Probox. Husema ni gari la miraa, ni sanduku la magurudumu, baba mkwe akiiona hatakuheshimu. Mimi nauliza swali moja tu: ikivunjika springi Olenguruone siku ya Jumapili, ni gari gani ambalo fundi wa hapo atalitengeneza bila kupiga simu Nairobi? Linunueni hilo.

Hata Probox isifanywe lori. Iliundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watano. Gunia la viazi kwa sheria ni kilo 50, basi ni magunia manane na dereva na mtu mmoja. Nimeona ikipakiwa kumi na tano na watu wanne, mwenyewe akilaumu Wajapani kwa kuvunjika kwake.

Jambo jingine ni giaboksi. Magari mengi ya miaka hii, hata Probox zilizotengenezwa tangu mwaka 2014, yana giaboksi iitwayo CVT, ambayo kazi ya gia hufanywa na mkanda wa chuma. Yataka mafuta yake yenyewe. Fundi asiyejua akitia mafuta ya giaboksi ya zamani, mkanda huanza kuteleza na kulika, na giaboksi hufa ukiwa katikati ya mlima. Ukinunua gari la namna hiyo, nunua na chupa za mafuta yake, umpe fundi mkononi.

Mimi mwenyewe niliumia kwa hesabu ya mwendo. Mita ya gari langu la kwanza ilisomeka kilomita 68,000. Mwuzaji, ambaye sitamtaja, aliniapia. Miezi mitatu baadaye, nilipokuwa nikilisafisha, nikaona stika ndogo kwenye ukingo wa mlango wa dereva, imeandikwa Kijapani. Maandishi sikuyajua, lakini tarakimu ni zile zile tunazofundisha darasa la kwanza: 143,000. Ilikuwa stika ya kubadilisha oili. Gari lilikuwa limetembea zaidi ya mara mbili ya nilichoambiwa, na mita ilikuwa imerudishwa nyuma. Tangu siku hiyo, kabla ya kutazama rangi, mimi hufungua milango na bonneti nikitafuta stika. Tena kuna cheti cha kulitoa gari Japani, ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa serikali ya huko, na kuna karatasi ya mnada yenye daraja la gari. Ukiona herufi R mahali pa daraja, jua liliwahi kuharibika likatengenezwa. Mwuzaji akisema karatasi hizo zimepotea, nawe potea.

Na utazame chini. Sehemu za kaskazini mwa Japani kuna theluji, na barabara humwagiwa chumvi ili isigande. Gari la huko laweza kuwa safi juu na limeoza chini.

Sasa yule mwenye laki nane. Gari lililokwisha kutumika hapa lina faida moja: kodi zake zilikwisha kulipwa na mtu mwingine, na kama lina ugonjwa, umekwisha kujitokeza. Hatari yake iko katika karatasi. Siku hizi watu wengi hukopa kwa kuweka rehani kitabu cha gari, ile logibuku, na huendelea kuliendesha kama kawaida. Ukilinunua gari hilo umenunua deni. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, omba rekodi ya gari katika NTSA kwa njia ya eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa. Jina liwe ni la huyo aliye mbele yako, siyo la shemeji yake aliye Mombasa. Na uhamisho wa jina ufanywe siku ya malipo. Maneno ya "nitakubadilishia wiki ijayo" yamewapeleka wengi kituoni kujibu makosa ya watu wasiowajua.

Malisho nayo uyahesabu kwa kalamu. Toka Njoro hadi Nakuru ni kama kilomita 20. Ukienda na kurudi siku tano, ni kilomita 200 kwa juma. Gari likienda kilomita 12 kwa lita, ni lita 17 hivi. Zidisha kwa bei ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, ongeza bima, oili na matairi, halafu uweke hesabu hiyo kando ya malipo yako ya maziwa. Ikiwa gari lakula zaidi ya nusu ya maziwa, kodi pikapu siku ya mavuno na siku nyingine panda matatu. Wako wanaouza viazi mara mbili kwa mwaka ambao hawahitaji motokaa hata kidogo, wala hakuna mtu wa kuwaambia.

Nasema hivi kwa sababu ya mzee mmoja wa Mau Narok. Alikuwa na Friesian watatu wenye maziwa. Aliwauza wote, akaongeza mkopo uliowekewa gari lenyewe rehani, akanunua gari kubwa la viti saba, injini yapita sisi 2,400. Alitaka kwenda nalo kwenye harusi ya mwanawe, na kwa kweli harusi ilipendeza. Lakini maziwa ya kulipia mkopo yalikuwa yameondoka pamoja na ng'ombe, na viazi mwaka ule vilishuka bei. Mwezi wa saba wenye mkopo walikuja na kulivuta. Aliponisimulia hakulia, alicheka kidogo akasema, "Mwalimu, gari lile lilikula ng'ombe wangu, halafu likaondoka."

Sasa ana mitamba miwili, mmoja ana mimba, na ameweka akiba kidogo katika chama cha ushirika. Jumamosi iliyopita aliniomba tuende mjini kutazama Probox moja ya mwaka 2014. Injini ilikuwa nzuri, chini hapakuwa na kutu, na bei ilikuwa ndani ya uwezo wake. Mzee alipiga magoti mwenyewe, na miwani yake, akanisomea namba ya chesisi tarakimu moja moja nami nikifuata kwenye karatasi. Mbili za mwisho hazikulingana. Mwuzaji alisema ni makosa ya kuandika tu. Mzee akajipangusa vumbi magotini, akamshukuru, tukarudi nyumbani kwa matatu.