Ufunguo wa seva ya ushirika usiwe wa kila mtu

Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, ni mji wa pamba. Kwa miaka mingi mkulima wa huko amejifunza kuchunga vitu viwili: mizani isichezewe na ghala lisivunjwe. Sasa kimeongezeka cha tatu, nacho ni kompyuta.

Taarifa za mkulima na mauzo yake zinazidi kuingizwa kwenye mitandao. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU, na Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) huendesha minada ya mazao kama ufuta na dengu kwa njia ya mtandao. Hatua hii ni nzuri, kwani daftari la karani liliweza kubadilishwa kwa kalamu tu. Hata hivyo, kompyuta isiyofungwa vizuri huweza kuchezewa na mtu ambaye hajawahi kufika Meatu.

Mifumo ya namna hii hukaa kwenye kompyuta iitwayo seva, ambayo mara nyingi iko mji wa mbali. Ikipata hitilafu, fundi hapandi basi, bali huingia kwa mtandao akiwa huko huko aliko. Gharama zinapungua, lakini mlango anaopitia fundi ndio anaoutafuta mwizi. Zipo programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga kila seva na kujaribu maneno ya siri mepesi kama 123456. Haziulizi kama ni ya benki kubwa au ya chama cha kijijini.

Uzembe nao una gharama. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, ingawa marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo.

Kwa hiyo, bodi za vyama na wafanyabiashara wenye mifumo yao wasiridhike na jibu kwamba "fundi anajua". Waulize: ni nani na nani wanaoweza kuingia kutoka mbali? Kila mmoja ana neno lake la siri, au wote wanatumia moja? Fundi aliyeondoka amefutwa? Programu zilifanyiwa marekebisho lini? Nakala ya kumbukumbu iko wapi nje ya seva hiyo, na imewahi kujaribiwa kama inafunguka?

Mkulima naye adai stakabadhi ya karatasi kila anapopima. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchini. Siku kama hiyo, karatasi ndiyo shahidi wake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Wanachama wasisubiri hasara itokee. Swali la nani ameshika ufunguo wa seva liulizwe kwenye mkutano mkuu, kama linavyoulizwa la ghala.