Andiko la katoni lilingane na kilichomo

Nina kosa la kukiri. Mwaka jana jirani yangu, mfanyabiashara wa vifaa vya simu hapa Bujumbura, aliniletea katoni aliyokwisha kuifunga kwa selotepu. Ilikuwa isafiri kwa ndege. Ndani alikuwa amelundika betri za simu na chupa za manukato. Aliomba niandike juu yake, kwa mwandiko wa mwalimu, neno moja: "Vipuri". Niliandika.

Wapokeaji mizigo waliifungua, wakairudisha. Jirani akasema anaonewa. Mimi niliona aibu.

Hakuonewa. Mei 11, 1996, ndege ya ValuJet ilianguka Florida, Marekani, wakafa watu wote 110. Ilikuwa imebeba vifaa vya kuzalisha oksijeni, bila vifuniko vya usalama, ndani ya katoni za kawaida. Karatasi ya mzigo ilisema ni vitupu. Havikuwa vitupu, na moto uliwaka angani.

Kanuni za kimataifa hugawa bidhaa hatari katika madaraja 9. Manukato ni daraja la 3, vimiminika vinavyoshika moto. Betri za lithiamu ni daraja la 9, na kila moja ikingwe isigusane na nyingine. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu-ioni zinazotumwa peke yake, bila simu, haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege ya abiria. Kwa kawaida kifurushi huandikwa jina halisi la bidhaa, namba ya Umoja wa Mataifa, mtumaji na mpokeaji, kisha hubandikwa alama ya hatari. Anayewajibika kutangaza kilichomo ni mtumaji mwenyewe.

Wafanyabiashara husema: "Mwalimu, hayo yote ni Kiingereza." Hapo wana hoja. Kanuni zinataka Kiingereza kiwepo, lakini hazikatazi kutuelimisha kwa Kiswahili. Wahusika watundike mabango ya Kiswahili yenye picha za alama hizo panapopokelewa mizigo, na pia mipakani Kobero na Gatumba. Nasi tuulize kabla ya kufunga katoni.

Nilisoma uhamishoni Kigoma. Kambini, familia ya watu sita ikiandikwa watatu kwenye kadi ya chakula, wote sita waligawana njaa. Sisi tuliorudi tunaijua gharama ya andiko la uongo. Tahadhari kabla ya hatari.