Mwombeeni, lakini dawa yake mwachieni

BARAZANI
Na Rehema Mwaipopo

Kila Ramadhani na kila Krismasi mateja wa jiji hili la Dar es Salaam hupata wageni. Masufuria ya pilau yanashushwa kwenye bajaji, fulana za mitumba zinagawiwa, mtu anashika maikrofoni, picha zinapigwa, na jua halijazama wageni wameshaondoka. Sina ugomvi na pilau. Mwenye njaa ale. Ugomvi wangu ni na yale yanayosemwa kwenye maikrofoni.

Vijana wanaambiwa waache methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, eti nayo ni dawa ya kulevya kama unga, na kwamba anayemwamini Mungu sawasawa hahitaji kikombe cha hospitali. Nimeyasikia kwa mchungaji, nimeyasikia kwa ustadhi, na yalivyofanana utadhani walikaa kikao kimoja. Kama ni umoja wa dini, hapo wametimiza.

Heroini, yaani huo unga, haikai mwilini. Saa chache tu na arosto inaanza kubisha: makamasi, tumbo la kuharisha, mifupa inavunjikavunjika, mtu anatetemeka kwa baridi katikati ya joto la Dar, na usingizi hauji. Aliyefika hapo hatafuti tena starehe. Anatafuta kete ya kumtuliza, na kioo cha gari la jirani kitang'oka ili ipatikane. Methadoni hutuliza arosto kwa siku nzima, na ikitolewa kwa kipimo sahihi haimpi mtu stimu ile aliyoizoea, bali inampa asubuhi ya kuamka na kufikiria jambo jingine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na baadaye Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine zikafuata. Ni bure. Ila kwa kawaida inanywewa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku.

Mwambie aliye kwenye methadoni aache ghafla, uone. Wengi watarudi maskani. Na mwili uliokaa bila unga wala methadoni husahau kiwango chake cha zamani. Akijidunga kile kile alichokuwa akijidunga mwaka jana, pumzi inakata. Wakati huo mhubiri yuko kwake amelala.

Lakini mtu asinielewe kwamba nataka watu wa dini wakae mbali. Nani mwingine atakwenda? Ndugu wamechoka kuibiwa, mjumbe anawataka wahamie mtaa wa pili, na polisi wana shughuli zao nao. Namfahamu mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo huko Temeke, mwalimu mstaafu, ambaye asubuhi hupitia kwenye baraza za maduka wanakolala vijana watatu. Anawaamsha, anawamiminia uji kutoka kwenye chupa ya chai, kisha wanakwenda kituoni. Hapo ndipo kazi ilipo, maana makonda hawataki kuwapakia. "Hawa wananuka, mama, abiria watashuka." Mama anamnyooshea konda noti. "Hao ni wanafunzi wangu. Nauli yao hii hapa, na yangu. Sogea tupite."

Kliniki, kijana anapokea kikombe dirishani, anakunywa, anasemeshwa kidogo ijulikane amemeza kweli. Basi. Dakika chache tu, na kesho hivyo hivyo, na keshokutwa. Nilimuuliza mwalimu kama huwa anawahubiria. "Wakiniuliza," akasema. "Juzi mmoja kaniuliza eti Mungu anaipokea sala ya mtu aliyejikojolea. Nikamwambia mwanangu, twende kwanza tukakununulie suruali." Walikwenda sokoni Tandika.

Kwa upande wa Waislamu lipo jambo ambalo masheikh wangeweza kulimaliza kwa hotuba moja ya Ijumaa. Methadoni ni ya kunywa, na aliyekunywa mchana hana funga. Kwa hiyo Ramadhani ikiingia, kijana aliye kwenye tiba anabaki njia panda, na anayeamua kuacha dawa ili afunge kama wenzake anaweza kurudi kwenye unga kabla mwezi haujaandama. Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Imamu atakayepanda mimbari akatamka waziwazi kwamba mraibu aliye kwenye matibabu ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na kwamba azungumze na daktari wake kabla ya kugusa dozi, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko futari ya mtaa mzima.

Nikiri pia kwamba wapo walioacha bila methadoni. Nyumba za kupata nafuu zilizoanza Zanzibar mwaka 2009 zinaendeshwa na watu waliotumia unga wenyewe, na zinafuata hatua 12 za chama cha walevi walioacha pombe kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935 kikiwa na mizizi katika vuguvugu la Kikristo. Waislamu wa Unguja wamezichukua hatua hizo bila yeyote kuritadi. Njia ni zaidi ya moja, na wa kuchagua ni mgonjwa na wanaomtibu. Aliyekuja na sufuria hana kura hapo.

Kwa hiyo kamati ya huduma ya kanisa lenu au msikiti wenu itakapokutana, ombeni kifungu kimoja kiongezwe kwenye bajeti: nauli ya kwenda kliniki na kurudi, kila siku, sikukuu zikiwemo, kwa kila kijana mnayemhudumia. Tafuteni na chumba cha kupanga kwa wawili watatu, kwa sababu dawa haishiki vizuri kwa mtu anayelala barazani. Na kila anayeomba kipaza sauti maskani aulizwe kwanza kama atarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Asiyeweza, aombe dua yake na dawa asiizungumzie.