Kabla Hujapigiwa Windo Tena

Najua nimepotea siku nyingi. Mara test, mara umeme, mara bumu limechelewa, si mnajua maisha ya chuo. Leo mvua inanyesha tangu alfajiri huku Usa River, Meru haionekani kabisa, na hakuna pa kwenda. Basi nikasema leo nitoe la moyoni. Hili jambo nimekaa nalo tangu nirudi BTP, na nadhani linatuhusu wote, hasa sisi tunaosomea ualimu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Kabla ya kwenda BTP laptop yangu ilikuwa imechoka, kuiwasha tu unaweza kwenda kunawa uso ukarudi. Nikapanda haisi mpaka mjini, nikaingia kwenye steshenari moja. Dogo wa pale akaiangalia dakika moja tu akasema, "Braza, hii nikupigie windo mpya, nikuwekee na Office na antivirusi juu. Elfu kumi tu." Nikaona hapa nimepata mtu. Nikatoa elfu kumi, nikala chipsi nje, nikarudi nimekuta mashine inang'aa kama mpya.

Wiki ya tatu nafungua flashi, kila folda imegeuka kimshale. Unabofya hakifunguki kitu. Kuangalia kwenye laptop, hali ni ile ile. Maazimio yangu ya kazi, maandalio ya masomo ya mwezi mzima, vyote ndani. Nikakimbilia kule kule, wakanipigia windo nyingine juu yake. Hapo ndipo kila kitu kilipofutika kweli! Baadaye nikaja kuambiwa kwamba virusi wa aina ile mara nyingi huwa wanaficha tu mafaili, yangeweza kurudi. Nimekesha siku tatu naandika upya kwa mkono.

Nikajiuliza, huyu kirusi kapitia wapi wakati niliwekewa antivirusi? Mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu akanicheka. Akaniambia kreki nyingi zinakutaka uzime antivirusi kwanza ndipo uziendeshe. Yaani ni kama fundi anakwambia, "Niachie mlango wazi na funguo juu ya meza, halafu wewe nenda zako." Na wewe umemlipa!

Sawa, hiyo ni hasara yangu, nisingeandika makala nzima kwa ajili yake. Kilichonigusa zaidi kilitokea BTP.

Nilipangiwa shule moja ya kata huku juu ya Ngaramtoni. Julai, baridi ile ya Meru, unashika chaki vidole havikunji. Masomo yangu ni Kiswahili na Jiografia, lakini mkuu wa shule aliponiona na laptop mgongoni akasema, "Wewe mwalimu kijana, kompyuta unazijua. Kile chumba kitakuwa chini yako." Chumba chenyewe kina kompyuta kumi na mbili za msaada, zinazowaka ni tano. Zote tano zina Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020. Office iliyomo inadai ufunguo kila ukiifungua.

Nikaanza kufundisha kidato cha pili kuandika barua, watoto wanane kwenye kompyuta moja. Siku moja binti mmoja, mkimya siku zote, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kaka yangu ana kompyuta nyumbani lakini haina hii programu. Tuipateje?"

Wadau, jibu lilishafika mdomoni. Nilitaka kumwambia mwende mjini, steshenari yoyote, mtoe elfu tano. Nikanyamaza. Maana nilikuwa nasimama mbele ya darasa, nimevaa tai, namwelekeza mtoto wa watu akanunue kitu cha wizi. Na hapo hapo ukutani kuna kanuni za shule, namba moja: usiibe. Nikamwambia, "Nitakujibu kesho." Nilitembea kurudi nyumbani najisikia vibaya kweli.

Ndiyo hoja yangu leo. Mwalimu asifundishe kwa zana ambayo hawezi kumpa mwanafunzi wake akaenda nayo nyumbani kwa halali. Ukimfundisha mtoto wa mkulima programu ambayo mzazi wake hawezi kuilipia, umemwachia njia mbili tu: aiache au aiibe. Tunajua wengi wanachukua ipi, kwa sababu ndiyo tuliyochukua sisi.

Na zana ambazo unaweza kumpa zipo! Zinaitwa programu huria. Ukitaja "za bure" watu wanakunja uso, kwa sababu Kiswahili chetu kinatuchezea hapo: bure ni kitu kisicholipiwa, lakini pia kazi bure, mtu bure, yaani kisichofaa. Lakini Kiswahili hicho hicho kina neno lingine, huru, ambalo Waingereza hawana maana kwao yote mawili ni neno moja na wanapata shida kweli kuyatofautisha. Jambo kubwa kwenye programu hizi si kwamba hulipi. Ni kwamba una ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kumgawia mwenzako, kuangalia ilivyotengenezwa ndani na hata kuibadilisha. Ukimpa mwanafunzi nakala hujavunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 wala dhamiri yako.

Kesho yake nilimpelekea yule binti flashi yenye LibreOffice. Nikamwambia mpe kaka yako, na yeye awape rafiki zake. Ukiona uso wake utajua kwa nini naandika.

Sasa najua mtaniuliza, haya mambo si ya wale watu wa kompyuta tu? Hapana. Chumbani kwetu tuko watatu na kila mtu ana mashine ya aina yake, tumeweka wote. Nawaambia tulivyofanya.

Mwenye Windows ni rahisi kuliko wote. LibreOffice unaipakua kwenye tovuti yao wenyewe (libreoffice.org, sio vile visaiti vyenye vitufe kumi vya kupakua), ni kama MB 350, weka bando la usiku ulale. Ukifika kwenye kusakinisha usibonyeze tu "endelea, endelea". Chagua njia ya kujichagulia vipengele mwenyewe, nenda kwenye kamusi za tahajia, weka na ya Kiswahili. Ndiyo, ipo! Sisi watu wa Kiswahili tumezoea insha nzima kupigwa mistari myekundu kana kwamba lugha yetu yote ni kosa. Ukishaweka kamusi na kuyaambia maandishi kwamba lugha ni Kiswahili, mistari inabaki kwenye makosa ya kweli. Mimi siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto.

Mwenye Mac (ndiyo, tunaye mmoja, mjomba wake yuko nje) alipakua mara mbili na bando likaisha. Kosa lake dogo sana: kuna faili la Mac zenye chipu ya Intel na lingine la zile mpya zenye chipu ya Apple. Alichukua la Apple, mashine yake ni ya zamani ya Intel, ikagoma. Bofya kwanza kile kitufaha pembeni juu, usome mashine yako ni ipi, ndipo upakue.

Mimi nikaenda mbali zaidi, niliondoa windo kabisa nikaweka Linux Mint, ile nyepesi inayoitwa Xfce. Laptop yangu ina RAM ya GB 4 na inakimbia, wao wenyewe wanasema hata GB 2 inawaka. Unahitaji flashi ya GB 8. Kwenye Windows unatumia programu ndogo inaitwa Rufus kuandika Mint kwenye flashi (nayo ni huria), unazima, unawasha huku unabonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP. Uzuri wake unaweza kuijaribu ikiwa bado kwenye flashi bila kugusa kitu ndani. Angalia waifai inashika, sauti inatoka, ndipo uamue. Na kabla hujabonyeza kusakinisha, hamisha mafaili yako yote kwingine, narudia, YOTE. Mimi nilishafundishwa na ulimwengu. Ndani ya Mint LibreOffice unaikuta tayari, VLC na GIMP unaziongeza kwa kubofya tu.

Hii ina maana kubwa sasa hivi kuliko zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inazikataa rasmi kompyuta nyingi za zamani kwa sababu ya chipu zake. Kompyuta za shule zetu huku Meru ni zipi? Ni hizo hizo zilizokataliwa. Kule shuleni, kwa ruhusa ya mkuu, niliweka Mint kwenye zile tano, halafu mbili zilizokuwa zimekufa kumbe tatizo lilikuwa windo tu, nazo zikafufuka. Saba. Watoto wanane kwa kompyuta moja wakawa watano au sita. Sio muujiza, ila ni tofauti.

Na msidhani haya ni mambo ya Wazungu tu tunaletewa. Mwishoni mwa mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, ya Windows na ya Linux. OpenOffice ndiyo mama wa hii LibreOffice, walitengana mwaka 2010. Waliweza kwa sababu haikuwa lazima kumwomba mtu ruhusa, mlango ulikuwa wazi. Na yale mashindano ya XPRIZE yaliyofanyika vijijini Tanga na kumalizika mwaka 2019, vijiji 170, watoto karibu 3,000 wanajifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili kwenye tableti, yalikuwa na sharti kwamba timu zilizofika fainali ziachie programu zao ziwe huria. Yaani vifaa vya kumfundisha mtoto wa Kitanzania kusoma, kwa Kiswahili, viko wazi kwa mtu yeyote. Wangapi kati yetu kitivo cha elimu tumeshawahi hata kuvifungua? Mimi mwenyewe sijawahi, mpaka nilipoanza kufuatilia haya.

Sasa nisiwe mnafiki, matatizo yapo. Ukifungua faili la Word lenye majedwali mengi, LibreOffice wakati mwingine inayavuruga. Mwezi uliopita kazi ya kikundi ilitoka kurasa kumi na moja badala ya kumi, kundi zima likanigeukia mimi. Dawa yake: kama mwalimu anataka kusoma tu, mtumie PDF, haivurugiki. Kama lazima iwe docx, hifadhi kama docx na uipitie kwenye mashine nyingine kabla ya kutuma. Kwenye Linux fonti ya Times New Roman haipo, ila kuna Liberation Serif yenye vipimo vile vile vya herufi, kwa hiyo mistari haihami. Na kama chuo chako kimeshawalipia Microsoft 365, tumia, ni halali, sina ugomvi na Microsoft. Ugomvi wangu ni na kreki.

Na nyie wa mwaka wa tatu mnaohangaika kutafuta SPSS ya kukreki kwa ajili ya utafiti, kuna jamovi. Inakwenda Windows, Mac na Linux, inafungua hata mafaili ya SPSS. Utaandika matokeo ya utafiti kwa kitu ambacho unaweza kukitaja jina bila kuangalia pembeni.

Wapo watakaosema, "Wewe chalii unajifanya mtakatifu, Chuga nzima wanapiga windo elfu kumi." Kweli. Na wale madogo wa steshenari siwalaumu, wanatafuta riziki, na hata wao wangeweza kulipwa elfu kumi hiyo hiyo kwa kukuwekea Mint na kukuhamishia mafaili yako salama. Kazi ya fundi ina bei yake. Sisi ndio tunaokwenda kuomba cha wizi, wao wanauza kinachoombwa.

Lakini mwakani wengi wetu tutakuwa kazini, Monduli, Karatu, Simanjiro, kila mtu na darasa lake. Mtoto atanyoosha mkono aulize, "Mwalimu, tuipateje?" Uwe na jibu ambalo unaweza kulisema mbele ya mkuu wa shule, mbele ya mzazi, na mbele ya mtoto mwenyewe.

Jumamosi nitakuwa kwenye vile viti nje ya maktaba kuanzia saa nne, mvua ikikubali. Njoo na flashi ya GB 8 na laptop yenye chaji, nitakupa nakala ya kila kitu, usimalize bando lako. Nitaomba tu kitu kimoja, ukishapata na wewe mpe mwingine.

Haya, naenda kupiga msuli, Jumatatu kuna test na sijagusa kitu. Alamsiki.